Supavaiza hajibu, huu ni mwezi wa saba nasubiri, nibadilishe au nivumilie?

MamaTunu
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana nimefika mahali nalala na laptopu pembeni kama kichanga, nikishtuka usiku naangalia kwanza imeili ndo naangalia saa.

Mimi ni mtumishi, afisa maendeleo ya jamii huku Singida. Nilipata ruhusa ya masomo miaka miwili nikaenda kusoma masta chuo kimoja cha serikali, jina naliacha. Mwaka wa kwanza wa darasani nilienda vizuri tu, sikusapu (kurudia mtihani) hata somo moja. Tulivyomaliza mitihani wakatupangia masupavaiza, mimi nikapewa prof mmoja mzee wa heshima zake, darasa zima wakanipongeza eti nimepata mtu mkubwa. Ukubwa wenyewe ndo huu.

Mwezi wa 11 nikamtumia andiko langu la utafiti (proposal). Akajibu "nimepokea" nikafurahi siku nzima. Tangu hapo kimya. Nimetuma imeili ya kukumbusha mara nne, WhatsApp anasoma, naona kabisa zile tiki za bluu, hajibu. Nimepanda basi kutoka Singida mpaka chuoni mara tatu kwa nauli yangu. Mara ya kwanza yuko safari, mara ya pili yuko kikao cha seneti, mara ya tatu nikamkuta koridoni anakimbilia darasani nikamsalimia akaniangalia akasema "wewe ni nani vile?" Nikajitambulisha, akasema nitumie tena. Nikatuma tena. Kimya.

Wenzangu wengine wako fildi wanakusanya data mimi sijatetea hata andiko. Ruhusa yangu inaisha mwezi wa tisa na mkurugenzi wetu si mtu wa kumwendea na maneno matupu, na chuo nikiongeza muda kuna ada ya kuongeza muda. Mume wangu ameanza kuuliza hiyo masta ni ya miaka mingapi.

Wengine wananiambia badilisha supavaiza. Wengine wananiambia ukithubutu atakuja kuwa mtahini wako wa ndani akumalize huko mbele. Nifanyeje?

Kipanga_77
Pole dada. Wangu mimi alikuwa anajibu haraka sana, ndani ya dakika tano. Anajibu "nimeona". Mwaka mzima nimeona, nimeona.

Mla_Bumu
Mbona unajitesa, hapo nje ya geti la chuo stesheneri zote kuna vijana wanapiga hiyo kazi. Laki nne unaletewa sura ya kwanza mpaka ya tano, na data wanachambua kwa SPSS, ile programu ya takwimu, we unabaindi tu. Supavaiza mwenyewe akiona imenyooka anasaini. Watu wamegraduu hivo na ni mabosi sa hivi

Ngosha_wa_Magu
Mla Bumu usimpoteze mtoto wa watu. Mimi niliingia huo mkenge nikiwa nimebanwa na kazi hivi hivi kama yeye. Nikalipa laki nne na nusu, kijana kaniletea kitu kimepangwa vizuri, jedwali za rangi, mpaka nikaona aibu jinsi nilivyokuwa nahangaika. Utafiti wangu ni wa pamba wilaya ya Magu. Siku ya kutetea mbele ya idara mwalimu mmoja akafungua ukurasa wa 31 akasoma kwa sauti, "wakulima wa Kilosa walipoulizwa..." Kilosa imefikaje pale? Nikasema ni makosa ya uchapaji. Akafungua ukurasa wa 44, Kilosa tena. Akaniuliza kwa nini nimetumia kipimo cha takwimu cha kai-skwea na siyo kitu kingine, nikakaa kimya nasikia feni tu inazunguka juu.

Kule ndani walicheka, mimi nilitamani ardhi inimeze. Bahati yangu ilikuwa bado hatua ya mapema wakanirudisha nianze upya, ingekuwa tasnifu yenyewe ishaingia kwa watahini pale ningedisko (kufukuzwa chuo) na barua juu. Na yule kijana nikimpigia mpaka leo namba haipatikani

Buda_wa_Nakuru
Pole sana madam. Huku Kenya hiyo story ni kama national anthem, kila mtu anaijua maneno yote. Wangu alipotea miezi tisa, kuja kushtuka ameenda kufunza chuo kingine na hakuna mtu alikuwa ameniambia, hata katibu wa idara hakuwa anajua. Mimi nilikuwa nangoja tu kama mtu wa stage ambaye matatu ilishapita. Cha kwanza hakikisha huyo prof bado ni mwajiriwa wa hapo na hayuko likizo ya mwaka mzima. Usicheke, uliza.

Dokta_Chaki
MamaTunu, shikamoo kwanza kwa hizo safari za basi. Mimi niko upande wa pili wa meza, nafundisha chuo, si hicho chako natumaini. Kabla sijasema chochote naomba unijibu maswali matatu: 1) hilo andiko ulilotuma lina kurasa ngapi 2) kwenye imeili uliandika maneno gani hasa, ninakili kama yalivyo 3) mada yako inasemaje

MamaTunu
Marahaba Dokta ingawa naona ni mimi nilipaswa kukuamkia. Majibu:

Kurasa 47 bila viambatisho.

Imeili nilisema "Shikamoo Prof, natumaini u mzima. Naambatanisha andiko langu kwa ajili ya kulipitia na kunipa maoni. Asante."

Mada ni Mchango wa Ushiriki wa Jamii katika Maendeleo Endelevu ya Huduma za Maji Vijijini Tanzania.

Dokta_Chaki
Asante kwa ukweli wako. Sasa nitasema kitu ambacho hutakipenda halafu nitasema kingine ambacho wenzangu hawatakipenda.

Muhula huu nina darasa la mwaka wa kwanza watu zaidi ya mia tatu, nasahihisha mwenyewe na msaidizi mmoja. Nina wanafunzi wa masta kumi na tisa na wa PhD wanne. Nipo kwenye kamati tatu ambazo hata mimi sijui zinafanya nini. Jioni nikifungua imeili nakuta kurasa 47 na neno "kulipitia". Kulipitia ili nifanye nini? Niangalie koma? Niseme mada ni nzuri au mbaya? Ili nijibu kitu cha maana inabidi nikae saa tatu nne, na hizo saa leo sina, kesho sina, basi naiacha na ile nukta ya bluu ya haijasomwa ili nisiisahau. Baada ya wiki mbili kuna nyingine sitini juu yake. Baada ya mwezi naona aibu kujibu kwa sababu nimechelewa mno. Aibu hiyo usiidharau, ndo inafanya mtu anakuona koridoni anaongeza mwendo.

Sijitetei. Nakueleza kinachotokea mle ndani.

Na mada yako mama, Tanzania nzima? Utaizunguka kwa bodaboda? "Maendeleo endelevu" utayapima na nini, rula? Inawezekana kabisa mzee aliifungua siku ya kwanza, akaona hiyo mada, akajua dawa yake ni kuanza upya, na hakuwa na nguvu ya kukuandikia hivyo. Kimya cha supavaiza mara nyingine ndo komenti yenyewe, ila ni komenti ya mtu mvivu, alipaswa kukwambia kwa mdomo wake.

Sasa niambie kwa maneno yako ya kawaida bila Kiingereza cha tasnifu. Wewe umefanya kazi na vijiji, kuhusu maji ni nini kilishawahi kukushangaza kazini?

MamaTunu
Dokta umenichoma lakini sawa.

Kilichonishangaza... kuna vijiji viwili jirani, nilikuwa naenda sana kwa ajili ya vikundi vya akina mama. Vyote vinachota maji ya mradi mmoja, kisima kimoja, pampu moja. Kijiji cha kwanza wanalipa hela ya ndoo bila kelele na vituo vya kuchotea vinatoa maji. Cha pili hawataki kulipa, bomba likipasuka linakaa miezi, watu wamerudi kwenye madimbwi ya mtoni. Wote ni watu wa kabila moja wanaoana. Nimewahi kumuuliza mwenyekiti akaniambia "wale wenzetu hesabu zao zinasomwa mkutanoni, sisi hatujui hela inaenda wapi tangu mambo yahamie RUWASA" (wakala wa maji vijijini).

Dokta_Chaki
Haya! Hiyo ndo masta yako, umekaa nayo kichwani miaka yote ukaenda kuandika maendeleo endelevu.

Vijiji viwili, chanzo kimoja, kwa nini huku wanalipa na huku hawalipi. Mwenyekiti wako mwenyewe kakupa dhana ya kuanzia, kusomwa kwa mapato mkutanoni. Na kuna kipande cha historia kinachokubeba, maji vijijini yalikuwa chini ya halmashauri mpaka RUWASA ilipoanzishwa 2019 kwa ile sheria mpya ya maji, na zile kamati zikaundwa upya kuwa vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji. Kwa hiyo unaweza kuuliza nini kilibadilika kwenye uwajibikaji pale madaraka yalipohama. Hiyo inatetewa na inamalizika, na wewe unaijua kuliko prof wako. Tena lugha za pale unazisikia, watakwambia mambo ambayo mtafiti wa kutoka mjini hawezi kuambiwa.

Kurasa 47 weka pembeni usizifute, utakuja kuchota humo mapitio ya maandiko. Andika ukurasa MMOJA. Aya moja ya tatizo, malengo matatu, aya moja ya mbinu. Halafu tuma imeili kama hii (weka kwa Kiingereza chenu cha chuo, hapa naandika Kiswahili tuelewane):

"Shikamoo Prof. Ni mimi fulani, mwanafunzi wako wa masta, namba ya usajili kadhaa, utafiti wa maji Singida. Nimepunguza mada iwe vijiji viwili vinavyotumia chanzo kimoja. Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Naomba uamuzi wako kwa mambo mawili: je, vijiji viwili vinatosha kulinganisha? Na je, nitumie dodoso pamoja na mahojiano au mahojiano peke yake? Nitakuwa chuoni Alhamisi tarehe 3, nitapita ofisini saa nne kwa dakika kumi na tano. Usipopata nafasi ya kujibu kabla ya hapo, nitaendelea na vijiji viwili na kuanza kuandika sura ya tatu."

Angalia hiyo sentensi ya mwisho. Hata akikaa kimya wewe unatembea. Na imeili inabaki kama ushahidi kuwa ulimshirikisha.

Kipanga_77
Dokta heshima yako lakini hiyo sentensi ya mwisho kwa prof wa miaka sitini na kitu wa kwetu ni matusi. "Usipojibu nitaendelea"? Atasema huyu binti amenipa amri.

Dokta_Chaki
Kipanga uko sahihi, mimi ni wa kizazi kingine kidogo. Aweke "kwa ruhusa yako nitaanza kuandika sura ya tatu kwa mwelekeo huo huku nikisubiri maelekezo". Maana ni ile ile, imevaa kanzu.

Nyamizi_T
Nimewasoma wote na Dokta umeongea vizuri ila naomba nikupinge kidogo. Yaani mwanafunzi alipe ada, apande basi mara tatu, halafu ajifunze na saikolojia ya prof asije akaona aibu? Kusoma andiko ndo kazi yake, kuna mshahara pale na kuna posho ya usimamizi vyuo vingine. Kurasa 47 ni nyingi sawa, lakini si angejibu mstari mmoja, "mada pana, punguza, nitumie ukurasa mmoja". Sekunde ishirini. Miezi saba amekosa sekunde ishirini?

Mimi nilibadilisha supavaiza, nakwambia ilivyokuwa ili uamue ukiwa na macho. Sikuanza na barua. Nilienda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, watu wengi hawajui kama huyo mtu yupo na kazi yake ndo hiyo. Akaniuliza umemwandikia lini na lini, nikatoa imeili zote nimeziprinti zimepangwa kwa tarehe, na ripoti zangu za maendeleo za kila muhula ambazo kipengele cha maoni ya supavaiza kilikuwa kitupu. Hizo ripoti jamani msizidharau mkaona ni makaratasi ya kujaza tu, ndo mahali pekee mfumo unakusikia bila wewe kupiga kelele. Jaza ukweli, "nimekutana na msimamizi mara sifuri". Mratibu akaongea naye kwanza kimya kimya. Hakubadilika. Ndo nikaandika barua kwa mkuu wa idara kupitia kwa mratibu, na kwenye barua sikumlaumu hata kwa neno moja, nilisema kwa kuwa Dokta ana majukumu mengi naomba kuongezewa au kubadilishiwa msimamizi ili nimalize kwa wakati.

Ilichukua miezi minne. Na yule mpya siku ya kwanza akasema mada hii siipendi, tuanze nyingine. Nililia kwenye choo cha jengo la utawala. Nikamaliza lakini, mwaka mmoja nje ya muda.

Kwa hiyo kama mzee wako bado anaweza kufufuka kwa ukurasa mmoja, jaribu huo kwanza, lakini jipe tarehe. Wiki tatu. Zikipita bila jibu nenda kwa mratibu na makaratasi yako.

Na swali la siri kidogo, hakuna lingine nyuma ya huo ukimya? Hajakwambia mkutane sehemu nje ya ofisi au maneno ya ajabu ajabu? Kama lipo usikae nalo, hilo halihusiani na andiko, ni rushwa ya ngono na ipo kwenye sheria ya TAKUKURU ya 2007 kifungu cha 25, tunza meseji zote.

MamaTunu
Hapana Nyamizi asante kwa kuuliza. Mzee ni mtu safi kabisa, tatizo lake ni haonekani tu.

Mla_Bumu
Sasa si atumie akili mnemba imwandikie huo ukurasa mmoja na maandiko ya kurejelea, dakika mbili

Dokta_Chaki
Mla Bumu wewe leo umeamua. Muhula uliopita mwanafunzi kaniletea sura ya pili, marejeo 38, nikayatafuta moja moja kwa hasira, kumi na moja hayapo duniani. Majina ya waandishi ya kweli, jarida la kweli, makala haipo. Ukitaka makala za kweli bure ingia tovuti ya AJOL, ina majarida mengi ya Afrika, au muulize mkutubi wa chuo kama mmeunganishwa na Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kulipia, vyuo vyetu vingi vimo na wanafunzi hawajui, wanalalamika makala zinauzwa dola arobaini. Na marejeo yapange na programu ya Zotero, ni bure. Mkutubi ni mtu mpweke sana, mtembeleeni.

Buda_wa_Nakuru
Na mkishaanza hesabu za sampuli tafadhali msiandike ile fomula ya Yamane 1967 kama kila mtu. Tasnifu zote East Africa zimesema Yamane 1967 na hakuna mtu ashawahi kuiona hiyo kitabu na macho yake 😂

Dokta_Chaki
😂 Buda hiyo ni kweli tupu. Fomula yenyewe haina kosa, idadi gawa kwa moja jumlisha idadi mara kosa kwa kipeo cha pili. Kaya 420 na kosa la 0.05 unapata 205. Kichekesho ni kwamba mwanafunzi anahesabu 205 halafu anahoji marafiki wa mtendaji 205. Fomula inadhani umechagua kwa bahati nasibu. Kwa MamaTunu akienda kwa mahojiano peke yake haimhusu kabisa, watu thelathini waliochaguliwa kwa sababu inayoeleweka watamtosha.

Mtendaji_Mstaafu
Nimekaa kata miaka 22 nikipokea watafiti na barua zao, acha nichangie la fildi maana humo ndo watu wanapoteza mwezi bila kujua. Ukishatetea, chuo kinakupa barua ya utambulisho. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, huyo anaandika kwenda kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, kata kwa kijiji. Kila meza ina siku zake. Mmoja akiwa semina Dodoma barua inamsubiri. Watu wanakuja kwangu na barua ya chuo moja kwa moja wanataka kuanza kuhoji, nawarudisha, wananinunia.

Wewe MamaTunu una faida, halmashauri ni nyumbani. Lakini usije ukapita njia ya mkato kwa sababu unafahamika, wewe ndo unatakiwa kufuata zaidi maana utaenda kuuliza watu habari za hela za maji na mwenyekiti wa kile kijiji cha pili atasema umetumwa. Nenda ukiwa na karatasi, na usivae ile fulana ya halmashauri. Waambie umekuja kama mwanafunzi. Na piga hesabu ya mvua, mwezi wa kumi na mbili barabara za huko hazipitiki, watu wako mashambani na hakuna atakayekaa na wewe saa nzima.

MamaTunu
Mungu awabariki jamani. Naandika huo ukurasa usiku huu. Fulana nimeelewa 😂

---

MamaTunu
Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimekaa wiki tatu na ushee.

Ukurasa mmoja ulinichukua siku sita, zile 47 ziliniwia rahisi kuliko huo mmoja. Nikatuma Jumatatu kwa maneno ya Dokta na ile kanzu ya Kipanga. Jumatano usiku saa tano simu inalia, prof. "Vijiji viwili vinatosha. Mahojiano na kumbukumbu za vikao. Njoo Alhamisi." Nikamwamsha mume wangu kumwonyesha.

Alhamisi nikafika saa tatu na nusu, yeye akafika saa sita kasoro. Nikakaa kwenye benchi na wenzangu wanne, kila mtu kashika bahasha, kama kliniki. Zamu yangu ikafika akanipa dakika kama ishirini hivi. Alikuwa ameuprinti ule ukurasa na ana kalamu nyekundu, akafuta lengo la tatu lote, akasema hayo ni mahubiri. Akaniuliza kumbukumbu za mikutano ya kijiji zinapatikana wapi na nani anazitunza, nikamjibu kwa sababu nazijua, akatabasamu mara ya kwanza. Kuhusu lile andiko la kwanza hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Halafu wakati nanyanyuka akasema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "kuanzia mwezi wa kumi mimi nakuwa nje kwa likizo ya utafiti, mwaka mzima, kwa hiyo mwambie mratibu akuongezee msimamizi wa pili". Buda wa Nakuru nilikukumbuka pale pale. Nikashuka ghorofa ya chini kwa mratibu, hakuwa na habari. Akamwita dokta mmoja kijana aliyekuwa anapita, akamuuliza unaweza kumbeba huyu, akasema nitumie kwanza ukurasa mmoja niuone. Nikautoa kwenye mkoba.

Kwa hiyo nina masupavaiza wawili sasa, mmoja anaondoka. Kutetea andiko nimepangiwa katikati ya mwezi wa nane. Mwezi wa tisa haufiki nikiwa nimemaliza hata kwa miujiza, ruhusa lazima iongezwe. Nimeandika barua kwa mkurugenzi sijaipeleka. Mtendaji, niambatanishe nini ili asinirudishe?

Mtendaji_Mstaafu
Usipeleke barua ya kuomba huruma. Ambatanisha barua ya chuo inayoonyesha tarehe ya kutetea na ratiba mpaka kukabidhi tasnifu, iwe na mhuri. Mkurugenzi anaogopa mkaguzi kuliko anavyokuonea huruma, mpe karatasi ya kuweka kwenye faili lako. Na pitisha kwa mkuu wako wa idara kwanza asije akasikia kutoka juu. Na omba miezi yote unayoihitaji kwa mara moja, ukiomba mitatu ukarudi tena kuomba mitatu ndo utaonekana msumbufu.

Nyamizi_T
Na huyo kijana mpya mwombe mapema kabla mzee hajaondoka mkae wote watatu hata nusu saa, mkubaliane nani anasaini nini. Usije ukawa barua inayotembezwa kati ya watu wawili wasiosemezana. Mzee akiwa huko nje je, ataendelea kusoma sura au amekuacha moja kwa moja? Uliza na uandike alichojibu, umtumie kwa imeili "kama tulivyokubaliana".

MamaTunu
Hilo sikuliwaza. Naandika sasa hivi.

Ngosha_wa_Magu
Hongera dada. Ukitetea angalia ukurasa wa 31

Kijana_wa_Kihesa
Habari wakuu, mimi mgeni humu, nimeusoma uzi wote mpaka saa nane usiku. Nina shida kama hiyo hiyo ila wangu ni dokta siyo prof. Dokta Chaki naomba kama hutojali nikutumie andiko langu ulipitie unipe maoni, lina kurasa 62

Dokta_Chaki
Sitaki. Mtumie wako, ukurasa mmoja.